Hifadhidata imegoma kuwaka, au imewaka lakini haipatikani: maswali ya mafundi wa zamu, Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwenye simu za zamu na kundi la WhatsApp la mafundi wanaotunza klasta yetu (kundi la mashine zinazofanya kazi pamoja) ya Cassandra 4.1, programu ya hifadhidata. Klasta ina mashine sita: tatu Arusha, tatu Moshi, na kila upande unatunza nakala tatu za kila rekodi. Humo ndimo zinamokaa akiba na mikopo ya wanachama wa vyama vya kuweka na kukopa, kwa hiyo majibu mengi hapa yanaegemea upande wa woga. Amri na ujumbe wa makosa nimeviacha kama mashine inavyoviandika, ili uvitafute kwenye logi neno kwa neno.

## Mambo ya mwanzo

1. Simu imelia usiku, naambiwa hifadhidata "imelala". Nianzie wapi?

Anza kwa kutogusa. Usiwashe upya chochote mpaka umesoma vitu viwili. Cha kwanza ni matokeo ya `nodetool status` (`nodetool` ndiyo amri ya kukagua na kuendesha Cassandra), nayo uiendeshe kwenye mashine iliyo hai, siyo ile inayolalamikiwa. Cha pili ni `/var/log/cassandra/system.log` ya mashine yenye shida.

Ndani ya logi, tafuta ERROR ya kwanza tangu mashine ilipoanza kuwaka. Wengi husoma ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho, na ya mwisho kwa kawaida ni kilio tu cha programu inapozima. Kisa chenyewe kiko juu, pengine mistari mia mbili nyuma. Ukitaka msaada nitumie mistari hiyo ya juu, tena kwa maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa gizani siwezi kuitafuta neno.

2. Herufi UN, DN na UJ zina maana gani?

Herufi ya kwanza ni hali: U iko hewani, D haionekani. Ya pili ni hatua: N kawaida, J inajiunga, L inaondoka, M inahama. Unachotaka kuona ni UN sita.

Kumbuka kwamba D ni maoni ya mashine uliyoiuliza. Mashine hizi hupashana habari kwa umbea, na umbea ndiyo maana halisi ya neno wanalotumia, gossip. Kila sekunde kila moja humsimulia mwenzake nani mzima na nani kimya. Kama waya kati ya wawili umekatika, kila mmoja anaweza kumtangaza mwenzake kuwa hayupo, na wote wawili wazima. Ndiyo sababu ukiona DN uulize mashine ya pili kabla hujaamini.

3. Mashine moja ikizimika, wanachama kaunta wataathirika?

Hapana, mradi programu inasoma na kuandika kwa `LOCAL_QUORUM`. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa chama cha ushirika anaijua akidi: wajumbe wasipotimia, hakuna uamuzi. Hapa wajumbe ni nakala tatu za upande wako, na akidi ni mbili. Moja ikizimika, kazi inaendelea. Mbili zikizimika, utaona `Cannot achieve consistency level LOCAL_QUORUM`, na hapo kaunta zinasimama kweli.

Kwa hiyo mashine moja kuzimika saa nane usiku si jambo la kukurupukia. Madhara makubwa niliyoyaona hayakuletwa na mashine iliyozimika. Yaliletwa na fundi mwenye usingizi aliyetaka kuiwasha haraka (tazama swali la 9).

4. Poti zipi lazima ziwe wazi?

7000 kati ya mashine zote sita, kwenda na kurudi. 9042 kutoka kwenye seva za programu. 7199 ndani ya mashine yenyewe tu, kwa ajili ya `nodetool`. Ukisoma mwongozo wa zamani utaikuta 9160. Iache, iliondolewa tangu toleo la 4.0.

## Inagoma kuwaka

5. Inawaka sekunde chache kisha inazima, na kwenye logi sioni kosa. Kulikoni?

Ikiwa logi yenyewe haina hata mstari mpya, shida iko kabla ya Cassandra. Angalia `journalctl -u cassandra`. Mara nyingi ni mojawapo ya haya.

Java imebadilika. Toleo letu linataka Java 8 au 11. Mtu akisasisha mfumo mzima na Java 17 ikawa ndiyo ya kwanza, haiwaki. `java -version` inakupa jibu kwa sekunde moja.

Umiliki wa mafaili umeharibika. Kuna aliyeiwasha kwa mkono kama root "kujaribu tu", na mafaili mapya ndani ya `/var/lib/cassandra` yakawa mali ya root. Huduma inapowaka kwa mtumiaji wake wa kawaida inakuta milango imefungwa. Rudisha umiliki kwa `chown -R cassandra:cassandra`.

Diski imejaa. `df -h`, na usisahau `df -i`. Nakala za picha za data zilizopigwa na `nodetool snapshot` na kusahauliwa ndizo hula nafasi kimyakimya.

Kumbukumbu ya mashine imekwisha na Linux imeiua programu. Kwenye `dmesg` utakuta maneno `Out of memory`. Tulipata hili Moshi baada ya mtu kuweka programu ya ripoti kwenye mashine ileile ya hifadhidata, kila moja ikidhani ina RAM yote peke yake. Dawa ilikuwa kuihamisha ripoti. Kuipunguzia Cassandra chakula hakusaidii.

6. Inasema jina la klasta au la kituo halilingani. Mbona sijabadilisha kitu?

Kuna ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni `Saved cluster name ... != configured name ...`. Mashine inakumbuka jina la klasta ndani ya data yake, na faili la `cassandra.yaml` linasema jingine. Karibu kila mara kuna mtu aliyenakili faili la usanidi kutoka klasta ya majaribio. Rudisha jina la zamani kwenye faili. Usibadilishe data ifuate faili.

Wa pili ni `Cannot start node if snitch's data center (Moshi) differs from previous data center (moshi)`. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti hapa. Kituo (data center) cha upande wa Moshi kinaitwa `moshi`, kwa herufi ndogo, hata kama mwalimu wako wa Kiswahili atakasirika. Sahihisha `cassandra-rackdc.properties`. Ujumbe wenyewe utakupendekezea swichi ya `ignore_dc`. Ukiitumia, mashine itawaka na kujihesabu kama kituo kipya, kisha nakala zitatafutwa mahali zisipo.

7. `Unable to gossip with any peers` ni kosa gani?

Mashine imeamka, ikaenda kwa mbegu zake kuuliza habari za mtaa, haikupata hata mmoja wa kumjibu. Mbegu ni zile anwani kwenye mstari wa `seeds`: za kwetu ni mbili Arusha, mbili Moshi.

Jaribu `nc -vz` kwenda poti 7000 ya kila mbegu. Isipofika, ni mtandao au fayawoli. Ikifika, angalia `listen_address` ya pande zote mbili. Mara mbili nimeikuta ikiwa `localhost`, yaani mashine inasikiliza sauti yake yenyewe tu. Wala usiweke `0.0.0.0` hapo, maana mashine haiwezi kuwatangazia wenzake anwani isiyo anwani.

8. Umeme ulikatika, sasa inalalamika `Could not read commit log descriptor`. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloongoza, hasa msimu wa mvua. Inafaa kulielewa badala ya kukariri dawa yake.

Cassandra ikipokea muamala huuweka sehemu mbili: kwenye kumbukumbu ya RAM, na kwenye daftari la haraka liitwalo commitlog. Mashine ikizima ghafla, RAM inapotea, na inapowaka husoma daftari ili kurudisha yaliyopotea. Lakini kwa mpangilio tulionao, daftari lenyewe husukumwa kwenye diski kila sekunde 10. Programu ikianguka peke yake hakuna tatizo, kwa kuwa Linux bado iko hai na itamalizia kuandika. Umeme ukikatika, ukurasa wa mwisho unaweza kubaki nusu au tupu kabisa. Cassandra ikiukuta huo hukataa kuwaka, na inafanya sawa.

Usifute. Soma jina la faili lililotajwa kwenye kosa, kisha lihamishe hilo moja tu nje ya saraka:

`mv /var/lib/cassandra/commitlog/CommitLog-7-….log /root/karantini/`

Washa. Ikilalamikia faili jingine, fanya vivyo hivyo. Ikishakuwa UN, endesha `nodetool repair --full` ili ichukue kwa wenzake yale yaliyokuwemo kwenye ukurasa ulioharibika.

Sasa kuna mtego. Kama mashine tatu za Arusha ziko chumba kimoja na UPS ikashindwa, zote tatu zimepoteza sekunde zilezile. Wenzake wa karibu hawana cha kumpa. Nakala za miamala hiyo zinaweza kuwa zimeshafika Moshi, kwa hiyo siku hiyo usitumie `--in-local-dc` kwenye repair, hata kama umezoea kuitumia kuokoa bando la laini. Halafu mwambie mhasibu wa zamu alinganishe risiti za dakika ile ya mwisho kabla kaunta hazijafunguliwa. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo iliyotuokoa aibu zaidi ya mara moja.

9. Nilifuta saraka ya data ili iwake. Nimekosea?

Ndiyo, ila usijifiche, tuambie upesi. Kijana mmoja wa zamu alifanya hivyo akanyamaza hadi asubuhi, na kimya chake kilitugharimu kuliko kufuta kwenyewe.

Mashine iliyofutwa ni mgeni mwenye anwani ya mwenyeji. Wenzake watamkataa: `A node with address ... already exists, cancelling join`. Njia ya kumrudisha ni kumtambulisha kama mrithi. Kwanza iondoe anwani yake kwenye orodha ya `seeds` ikiwa imo, kwa sababu mashine iliyo mbegu haivuti data inapojiunga, nawe ungeishia na mashine tupu inayojibu "mwanachama huyu hana akiba". Kisha ongeza `-Dcassandra.replace_address_first_boot=` ikifuatiwa na anwani yake ya zamani, na uiwashe.

Itavuta data kwa saa kadhaa. Muda wote huo wenzake wataendelea kuionyesha DN, kwa kuwa inarithi anwani ileile. Usiizime kwa kudhani imekwama. Angalia `nodetool netstats`, namba zikipanda iache. Ikizidi muda wa saa 3, malizia kwa repair (sababu iko kwenye swali la 14).

10. Ruta mpya imebadilisha IP ya mashine. Nimeipoteza?

Hujaipoteza. Utambulisho wake ni namba iliyo ndani ya data, siyo IP. Badilisha `listen_address` na `rpc_address`, sahihisha `seeds` kwenye mashine zote kama ilikuwa mbegu, washa. Kisha kamwombe mtu wa mtandao akupe anwani isiyobadilika, jambo ambalo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza.

## Imewaka lakini haiunganiki

11. `Connection refused` na `timed out` si ni kitu kimoja?

Hata kidogo, na ukizitofautisha umemaliza nusu ya kazi. Umepiga hodi mlangoni. Refused ni kujibiwa papo hapo "hayupo": umefika kwenye mashine, ila hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Timed out ni kupiga hodi mpaka mkono ukauma, kimya: pakiti zako zimemezwa njiani, na mmezaji wa kawaida ni fayawoli au njia ya VPN. Ukipata ya kwanza, nenda kwenye mashine. Ukipata ya pili, nenda kwenye mtandao.

12. Niko kwenye mashine yenyewe, `nodetool` inasema UN, lakini `cqlsh` (programu ya kuandikia hifadhidata maswali) inasema 127.0.0.1:9042 refused. Inawezekanaje?

`rpc_address` imewekwa kuwa anwani ya LAN, kwa hiyo Cassandra haisikilizi kwenye 127.0.0.1. Itaje anwani: `cqlsh` kisha IP. Kama bado, endesha `nodetool statusbinary`. Ikijibu `not running`, mlango wa wateja umefungwa ingawa umbea unaendelea. Jaribu `nodetool enablebinary` na usome logi kujua kwa nini ulifungwa. Ikiwa ni diski iliyotoa kosa na mashine ikajifungia yenyewe, umbea nao huzimwa pamoja na mlango huo.

13. Programu inaunganika na mashine ya kwanza, kisha inajaza logi kwa makosa ya nyingine tano. Kwa nini?

Draiva, yaani kipande cha programu kinachozungumza na Cassandra, haikai kwenye anwani uliyoipa. Ikishaingia, huuliza orodha ya mashine zote, kisha hujaribu kuzifikia kwa anwani zilizotangazwa kwenye `broadcast_rpc_address`. Kama anwani hizo ni za ndani na wewe uko nje, kwa mfano kwenye kompyuta mpakato pale Usa River kupitia VPN iliyofunguliwa kwa mashine moja tu, utaona hivyo hasa.

Angalia pia jina la kituo ulilompa draiva. Programu ya Moshi iliyoandikiwa kituo `arusha` itafanya kazi, na hilo ndilo baya lake: kila ombi litasafiri kilomita themanini na ushei bila sababu, watu walalamike mfumo mzito, na wewe usione kosa lolote. Ikiandikiwa `Arusha` kwa herufi kubwa, haitafanya kazi kabisa. Afadhali hiyo.

## Kati ya Arusha na Moshi

14. Faiba ya barabarani imekatwa. Kila upande unaona wenzake watatu DN. Tusimamishe kazi?

Kwa kuhifadhi data, hapana. Kila upande una nakala zake tatu na akidi yake ya mbili. Atakayekwama ni yule aliyeandika `QUORUM` tupu: hapo nakala zinahesabiwa zote sita, akidi inakuwa nne, na hakuna upande wenye nne. Kosa la `Cannot achieve consistency level QUORUM` siku ya kukatika kwa faiba lina maana kuna msanidi wa kutafutwa.

Wakati waya umekatika, mashine huwaandikia wenzao noti za yale waliyokosa, kwa muda wa saa 3. Faiba ikirudi ndani ya muda huo, noti husomwa na mambo hulingana yenyewe. Ikizidi, noti mpya haziandikwi tena, na lazima uendeshe repair kwenye mashine zote.

Lakini liko jambo ambalo repair hailitibu. Mwanachama akitoa pesa Arusha, mumewe akatoa Moshi kwenye akaunti hiyohiyo, na programu inahifadhi salio kama namba moja inayofutwa na kuandikwa upya, faiba ikirudi itabaki namba iliyoandikwa mwisho. Muamala mmoja umemezwa bila kosa lolote kwenye logi. Ndiyo maana tunasisitiza kila muamala uwe mstari wake, salio likokotolewe. Na ndiyo maana, faiba ikikatwa, utoaji wa fedha kwa mwanachama wa upande wa pili husimamishwa na meneja. Uamuzi huo ni wake. Wewe mpe taarifa mapema.

15. Nenosiri ni sahihi, jana liliingia, leo linakataliwa. Limebadilishwa?

Kama ni leo faiba imekatwa, pengine halikubadilishwa. Majina na nenosiri hukaa kwenye keyspace (kundi la majedwali) ya `system_auth`, ambayo huzaliwa na nakala moja tu. Nakala hiyo ikiwa upande wa pili, huwezi kuthibitishwa. Tena yule mtumiaji wa kuzaliwa aitwaye `cassandra` hukaguliwa kwa `QUORUM` tupu, kwa hiyo hata nakala zikiwa tatu kila kituo, kwake linatumika lile hesabu la nne kati ya sita. Mpe kila fundi jina lake, na uhakikishe `system_auth` ina nakala tatu kila kituo. Ukiongeza nakala, endesha `nodetool repair system_auth`, la sivyo umeongeza makabati matupu.

16. Logi inasema kosa lilitokea 17:42, sisi umeme ulikatika saa mbili na dakika arobaini na mbili usiku. Tuamini ipi?

Zote mbili. Seva zetu ziko kwenye UTC, sisi tuko saa tatu mbele, na saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu saa kumi na mbili. Njia ya mkato: toa tatu kwenye saa ya logi, ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili tena, ikishuka chini ya moja ongeza kumi na mbili. Kumi na saba toa tatu ni kumi na nne, toa kumi na mbili ni mbili. Ndiyo hiyo saa mbili na dakika zake.

Angalia tarehe pia. Logi ya Jumatatu 21:30 ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne. Kwenye daftari la zamu andika saa zote mbili.

17. Mwanachama amebadilisha namba ya simu, mfumo umesema sawa, lakini ya zamani inarudi. Ni kosa la muunganisho?

Inafanana nalo, na wengi huanza kuchokonoa mtandao. Pima saa kwanza: `chronyc tracking` (amri ya chrony, programu inayosahihisha saa) kwenye mashine zote na kwenye seva za programu. Cassandra ikikuta maandishi mawili ya kitu kimoja huchukua lenye muhuri wa saa wa mbele zaidi. Mashine moja ikiwa dakika tano mbele, ilichoandika saa nne kamili kitashinda sahihisho la saa nne na dakika tatu lililopita kwenye mashine yenye saa sahihi. Betri ya ubao mama ikifa, umeme ukakatika, mashine inaweza kuamka na saa ya ajabu kabla chrony haijaisahihisha. Kwa hiyo Cassandra isiruhusiwe kuwaka kabla yake.

18. Mashine ilipelekwa kwa fundi, imerudi baada ya wiki mbili. Niichomeke tu?

Usiichomeke. Rekodi ikifutwa, Cassandra huacha alama ya kaburi kwa siku 10 ili kila nakala ipate habari za msiba. Baada ya hapo alama inaweza kusafishwa. Mashine iliyokuwa safarini wiki mbili haikusikia misiba hiyo. Ikirudi hewani itawaonyesha wenzake rekodi zilizofutwa, nao, kwa kukosa alama, watazipokea kama mpya: mikopo iliyofungwa itafufuka, na wadhamini wataanza kupigiwa simu.

Chomoa waya wa mtandao kabla hujaiwasha, hamisha data yake kwenye diski ya nje, kisha fuata utaratibu wa swali la 9. Kama hukumbuki ilitoka tarehe ngapi, tafuta karatasi ya kutolea vifaa getini; pale mlinzi ndiye mwenye logi.